Utafiti na uchapishaji katika chuo kikuu kidogo cha kimataifa: maswali ambayo wahadhiri huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wahadhiri wa vyuo vikuu vidogo vya Afrika Mashariki, hasa Tanzania, vyenye walimu na wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Vyuo hivi havina kurugenzi kubwa ya utafiti. Mara nyingi mkutubi mmoja na mratibu mmoja ndio wanaobeba mzigo wote. Kazi nzuri zinazofanyika humo hupotea kwa mambo yanayoonekana madogo: kibali kilichoombwa baada ya data kukusanywa, jina la mwandishi lililoandikwa kwa namna tatu, makala iliyopelekwa kwa jarida laghai. Ndiyo maana mambo hayo yamepewa nafasi kubwa hapa kuliko mengine.

Nina wazo la utafiti. Nishughulikie nini kabla ya kwenda uwandani?

Vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: ithibati ya maadili na kibali cha utafiti. Ithibati ya maadili hutolewa na kamati inayosoma andiko lako na kuangalia kama washiriki wanalindwa: watakubali vipi kushiriki, majina yao yatafichwaje, data itahifadhiwa wapi, nani ataiona. Kibali cha utafiti ni ruhusa ya serikali ya kufanya kazi hiyo nchini. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Tanzania, mamlaka ya kibali ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti wa afya unapita kwanza NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, au kamati ya maadili ya taasisi inayotambuliwa. Utafiti wa wanyamapori unahusisha TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Zanzibar ina taratibu zake, kwa hiyo usichukue barua ya Bara ukapanda nayo boti ukidhani inatosha. Kenya utaomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyo chini ya sheria ya mwaka 2013, na Uganda utaomba UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Kama utafiti wako unavuka mpaka, kwa mfano Namanga au Mutukula, unahitaji ruhusa za pande zote mbili.

Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kisha mtendaji wa kijiji au mtaa. Beba nakala za kutosha zenye mihuri na uache moja kila ofisi. Panga siku za kazi hiyo kwenye bajeti, maana afisa mmoja akiwa safarini barua inalala.

Chuo chako kinaweza kuwa na mamlaka ya kutoa barua za utambulisho kwa watumishi na wanafunzi wake. Uliza kwa maandishi mamlaka hayo yanafika wapi kabla hujayategemea.

Mimi ni mhadhiri wa kigeni na nina kibali cha kufanya kazi chuoni. Kinatosha?

Hapana. Ruhusa ya kufundisha si ruhusa ya kutafiti. Asiye raia anaomba kibali COSTECH kwa jina lake, akiwa na mtafiti mwenyeji. Mwenyeji huyo awe mshirika wa kweli katika andiko: ajue maswali ya utafiti, awe na sehemu yake ya kazi, na makubaliano ya data na uandishi yawekwe mapema. Wenyeji wanaotafutwa ili fomu ijae tu ndio chanzo cha migogoro mingi ya majina wakati makala inapokamilika.

Kibali kina tarehe ya mwisho, kwa kawaida mwaka mmoja. Anza kuomba nyongeza miezi miwili kabla hakijaisha.

Nimekwishakusanya data bila ithibati ya maadili. Naweza kuiomba sasa?

Kamati nyingi hazitoi ithibati kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na zinafanya sawasawa. Mshiriki aliyehojiwa bila ulinzi hawezi kulindwa kwa barua inayokuja baadaye. Jarida likiona ithibati ilitolewa baada ya tarehe ya kukusanya data, makala inarudishwa hata kama ni nzuri. Usiguse tarehe, hiyo ni kughushi, na ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Kilichobaki ni kupeleka suala lote mbele ya kamati kama lilivyo na kusikiliza uamuzi. Wakati mwingine kamati hutoa msamaha kwa data isiyotambulisha mtu yeyote, kama vile rekodi zilizokwisha kutangazwa hadharani. Wakati mwingine kazi inabaki kuwa ya majaribio tu, na data mpya inakusanywa kwa utaratibu.

Watafiti wa afya Tanzania wazingatie pia masharti yaliyochapwa kwenye cheti cha NIMR: taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi sita, na ruhusa ya NIMR kabla ya kuchapisha matokeo. Wengi hawasomi nusu ya chini ya cheti, na ndiyo yenye masharti.

Chuo hakina fungu la utafiti. Kuna cha kufanya?

Kipo. Si kila utafiti unahitaji gari na posho. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina matokeo ya sensa ya mwaka 2022 pamoja na tafiti za kaya, na data za Utafiti wa Taifa wa Ufuatiliaji wa Kaya, ulioanza mwaka 2008, hupatikana kwa mtafiti anayejisajili na kueleza atakachofanya nazo. Mchumi au mwanajiografia mwenye swali zuri anaweza kuandika makala mbili nzuri kutokana na data hizo bila kutoka ofisini. Nyaraka za kumbukumbu, magazeti ya zamani, hukumu za mahakama na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ni malighafi nyingine ambayo haijatumiwa vya kutosha.

Kwa upande wa kusoma, hakikisha chuo kimejisajili Research4Life, mpango wa kusoma majarida ya kitaaluma mtandaoni. Mpango huu ulianza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na sasa una kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Taasisi za nchi zenye maendeleo duni kiuchumi, Tanzania ikiwemo, huingia bila malipo. Anayesajili ni chuo, si mhadhiri mmoja mmoja. Kama nywila haifanyi kazi, mara nyingi sababu ni kwamba mkutubi aliyesajili alihama na hakuna aliyebadilisha anwani ya barua pepe.

Nitatambuaje jarida laghai?

Jarida laghai ni lile linalopokea ada ya kuchapisha bila kufanya kazi ya uhariri na mapitio linayodai kufanya. Orodha ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado aliyeyafuatilia majarida haya, iliondolewa mtandaoni Januari 2017. Nakala zake bado zinazunguka lakini zimepitwa na wakati. Kwa hiyo usitegemee orodha moja. Chunguza jarida lenyewe. Kazi hiyo inachukua kama saa moja.

Anza na ISSN, namba ya jarida yenye tarakimu nane. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, na unaweza kuikokotoa kwa kalamu. Chukua jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ISSN 0856-048X. Zidisha tarakimu saba za kwanza kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano: 0, 56, 30, 30, 0, 12 na 16. Jumla ni 144. Gawanya kwa 11, baki ni 1. Toa baki hiyo kwenye 11 unapata 10, na 10 huandikwa X. Namba imekubali. Namba isiyokubali ni ya kubuni, na hapo huna haja ya kuendelea. Namba inayokubali bado haithibitishi ubora, kwa sababu ISSN ni kitambulisho tu, na matapeli nao huzipata. Iingize kwenye tovuti ya kituo cha kimataifa cha ISSN uone kama jina na nchi vinalingana na vile jarida linavyojieleza.

Kisha fungua makala mbili za matoleo yaliyopita. Nakili DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni) ya kila moja, ile inayoanza na 10., uipeleke doi.org. Ikikataa kufunguka au ikifungua makala nyingine, ondoka. Soma makala moja hadi mwisho. Mhariri anayefanya kazi yake haachi jedwali lisilo na kichwa wala marejeleo yasiyomo kwenye matini.

Tazama bodi ya wahariri. Chagua watu wawili, tafuta kurasa zao katika vyuo vyao, uone kama wao wenyewe wanalitaja jarida hilo. Ikibidi waandikie. Maprofesa wengi wamekuta majina yao kwenye bodi ambazo hawajawahi kuzisikia.

Baada ya hapo angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, saraka ya majarida ya ufikiaji huria (yanayosomwa bure) iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, au kwenye AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998. Kama linadai kuwa kwenye Scopus, fahirisi ya kimataifa ya majarida, tafuta kwenye orodha ya vyanzo ya Scopus yenyewe, ambayo iko wazi bila malipo, na usome mwaka ambao orodha inasema jarida linaishia. Majarida huondolewa. Makala yako ikitoka baada ya kuondolewa, haitahesabiwa.

Dalili nyingine ni hizi. Barua pepe inakusifu kupita kiasi na kukutaka utume makala ndani ya wiki. Mapitio yanaahidiwa kwa saa 72. Jarida moja linachapisha uhandisi, uuguzi na fasihi kwa pamoja. Ada haionekani popote mpaka makala ikubaliwe. Lakini tahadhari: Kiingereza kibovu au tovuti ya kizamani pekee si ushahidi. Majarida mengi halali ya vyuo vyetu yana tovuti duni kwa sababu mhariri wake ni mhadhiri anayefundisha kozi nne.

Kuna pia tovuti zinazoiga jarida halali, jina na ISSN vilevile, ili zikusanye ada. Ingia kwenye tovuti kupitia ukurasa wa chuo au mchapishaji anayelimiliki jarida, usiingie kwa kiungo kilichotumwa kwenye barua pepe.

Nimekwishatuma makala kwa jarida la namna hiyo. Naweza kujitoa?

Kama hujalipa wala kusaini fomu ya kuhamisha hakimiliki, andika barua fupi ya kuondoa makala, taja kichwa na tarehe uliyotuma, na uhifadhi nakala. Wakidai ada ya kuondoa makala, usilipe. Subiri siku kumi na nne, andika tena, kisha angalia tovuti yao kama wameichapisha bila idhini.

Kama imekwisha kuchapishwa, huwezi kuipeleka kwingine kimyakimya. Programu za kulinganisha maandishi zitaikuta. Mweleze mhariri wa jarida jipya yaliyotokea, ambatisha mawasiliano yote, umwachie aamue. Baadhi hukubali makala iliyoandikwa upya kwa uchambuzi mpya. Wengine hukataa, na hilo linaumiza hasa kwa data iliyokusanywa kwa taabu. Kwa hiyo tunasisitiza ile saa moja ya uchunguzi.

Lazima nichapishe kwenye jarida la Scopus au lenye kigezo cha athari?

Inategemea kanuni za chuo chako za kupandisha vyeo, na kanuni hizo ziombe zikiwa zimeandikwa. Kigezo cha athari ni hesabu ya jarida, si ya makala: idadi ya nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, kugawanywa kwa idadi ya makala hizo. Hakisemi lolote kuhusu makala yako. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, DORA, lilitaka watafiti wasipimwe kwa hesabu hiyo.

Ushauri wetu ni kuchagua jarida kwa wasomaji. Makala kuhusu mbegu za mtama Dodoma inaweza kuwafaa zaidi maafisa ugani na watafiti wa Afrika Mashariki ikitoka kwenye jarida la kanda linalosomeka bure, kuliko ikifungiwa kwenye jarida la Ulaya linalouza kila makala kwa dola 30 na zaidi. Mtu anayekaribia kuomba uprofesa mshiriki achanganye: makala kadhaa za kimataifa, kadhaa za kanda.

Ada ya uchapishaji ni dola 2,000. Mshahara wangu hautoshi. Je, kuna msamaha?

Upo, na ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Wachapishaji wengi wakubwa husamehe ada yote kwa waandishi wa nchi za kundi la kwanza la Research4Life na kupunguza kwa wale wa kundi la pili. Mambo matatu huwaangusha waombaji. La kwanza ni muda: msamaha huombwa wakati wa kutuma makala. Ukisubiri ikubaliwe ndipo uombe, wengi watakuambia umechelewa. La pili ni anwani: mwandishi mwenza kutoka nchi tajiri anaweza kuondoa sifa ya msamaha, hasa akiwa ndiye mwandishi wa mawasiliano. La tatu ni aina ya jarida: msamaha wa moja kwa moja mara nyingi ni wa majarida yaliyo huria kabisa. Yale ya usajili, ambayo wasomaji hulipia, yanayouza uhuria kwa makala moja moja huwa hayamo.

Katika jarida la usajili unaweza kuchapisha bila kulipa chochote, kisha ukaweka nakala yako kwenye hazina ya chuo (hifadhi ya machapisho mtandaoni), kama tunavyoeleza chini. Na yapo majarida, mengi yakiwa ya vyuo na vyama vya kitaaluma, yasiyomtoza mwandishi wala msomaji.

Usilipe kwenye akaunti ya mtu binafsi. Jarida halali hutoa ankara yenye jina la taasisi.

Nani anastahili kuwa mwandishi? Msimamizi wa tasnifu aingie moja kwa moja?

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia Vancouver mwaka 1978, ina masharti manne, na fani nyingi zimeyachukua. Mtu awe amechangia kwa uzito ubunifu wa utafiti, au ukusanyaji, uchambuzi au tafsiri ya data. Awe ameandika rasimu au kuisahihisha kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne, si mojawapo.

Kwa kipimo hicho, mkuu wa idara aliyesaini barua haingii. Aliyeazimisha gari haingii. Aliyekusanya hojaji kwa malipo, bila kushiriki kufikiri, anashukuriwa mwishoni. Msimamizi anaingia kama alishiriki kubuni na kuandika. Kama alisaini fomu tu, haingii. Wasaidizi wa uwandani wakipewa nafasi ya kusoma rasimu na kuichangia, wanaweza kufikia masharti, na mara nyingi wanaijua data kuliko mtu mwingine yeyote. Ni haki kuwapa nafasi hiyo.

Makala inayotoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi, jina la kwanza ni la mwanafunzi. Kwenye baadhi ya vyuo mhadhiri huichukua kazi baada ya mwanafunzi kuhitimu na kumweka wa tatu au kumwacha kabisa. Huo ni wizi, hata kama mwanafunzi hajibu simu. Wekeni makubaliano ya maandishi siku ya kwanza ya usimamizi: mwanafunzi ana miezi 12 baada ya kuhitimu kuandika rasimu. Ikipita, msimamizi anaweza kuandika, lakini mwanafunzi anabaki mwandishi na anaidhinisha toleo la mwisho.

Ili kuondoa ubishi, tumieni mfumo wa CRediT wenye majukumu 14: ubunifu wa wazo, mbinu, uchambuzi, ukusanyaji, uandishi wa rasimu, usimamizi, utafutaji wa fedha na mengine. Kila mtu aandike jukumu lake kabla majina hayajapangwa. Mpangilio hujitokeza wenyewe.

Kwa nini makala zangu hazionekani pamoja mtandaoni?

Karibu kila mara ni jina. Chukua mwandishi wa mfano, Asha Juma Mwinyi. Makala moja imeandikwa Asha J. Mwinyi, nyingine Mwinyi Asha, nyingine A. Juma. Mifumo ya kimataifa huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo, kwa hiyo hao ni watu watatu: Mwinyi, Asha na Juma. Nukuu zao hazijumlishwi. Chagua umbo moja la jina, uliandike hivyo maisha yako yote ya kitaaluma, pamoja na fomu za makongamano.

Kisha fungua ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, iliyoanza kutumika Oktoba 2012. Haina malipo na kujisajili huchukua dakika chache. Weka majina mengine uliyowahi kutumia kwenye sehemu yake, ongeza makala zako kwa DOI badala ya kuziandika kwa mkono, na utumie barua pepe binafsi pamoja na ya chuo. Mkataba ukiisha barua pepe ya chuo hufungwa, nawe unafungiwa nje ya rekodi yako.

Jina la chuo lina tatizo lilelile, na kwa chuo kidogo hasara ni kubwa zaidi. Chuo chenye makala 40 kwa mwaka kikiandikwa kwa namna tano kinaonekana kina makala nane. Chuo kitangaze umbo moja rasmi: idara, kitivo, jina kamili la chuo, sanduku la posta, mji, nchi. Mhadhiri wa muda anayefundisha vyuo viwili aandike chuo ambako kazi ilifanyika. Akiandika vyote viwili, aeleze sababu.

Ninawezaje kutoa makala kwenye tasnifu yangu?

Usikate na kubandika. Tasnifu huthibitisha kwamba unajua fani, wakati makala hujibu swali moja kwa maneno 6,000 hadi 8,000. Chagua swali moja kati ya matatu au manne uliyokuwa nayo. Mapitio ya maandiko yenye kurasa 40 yawe aya nne au tano, zikibaki zile kazi tu ambazo matokeo yako yanazipinga, kuzikubali au kuzisahihisha. Mbinu iandikwe kwa ukamilifu: ukubwa wa sampuli na jinsi ulivyoupata, tarehe, mahali, lugha ya mahojiano, nani alitafsiri. Majedwali matatu yanatosha.

Usigawanye tasnifu vipande vyembamba ili upate makala nyingi. Wahariri huona sampuli ileile ikijirudia na kuuliza. Na usipeleke makala moja kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja.

Mapitio huchukua muda gani, na wahakiki wajibiwe vipi?

Uamuzi wa kwanza wa mhariri huja ndani ya wiki chache, na wahakiki huchukua miezi miwili hadi sita. Baada ya miezi minne ya kimya, barua moja ya heshima inaruhusiwa. Makala nyingi zinazokataliwa mezani kwa mhariri hazina kosa la kisayansi: hazihusiani na jarida, au mwongozo wa waandishi haukufuatwa. Kama mapitio ni ya siri pande zote mbili, ondoa jina lako pia kwenye sifa za faili, kwenye shukrani, na kwenye sentensi za aina ya “katika utafiti wetu uliopita”.

Ukiambiwa urekebishe, hiyo ni habari njema hata kama maoni ni makali. Nakili kila hoja ya mhakiki, ipe namba, andika jibu chini yake, taja ukurasa na mstari wa badiliko. Mhakiki akisema “sampuli ya watu 42 ni ndogo mno kwa hitimisho hili,” usijibu “tumerekebisha.” Jibu hivi: “Tumekubali. Hitimisho la ukurasa wa 14, mstari wa 6 hadi 11, sasa linahusu vijiji vitatu vilivyotafitiwa tu, na kikomo hiki kimeelezwa ukurasa wa 12.” Usipokubaliana naye, sema hivyo kwa ushahidi. Wahariri hawatarajii utii wa kila kitu.

Kiwango gani cha kufanana kwenye Turnitin kinakubalika?

Turnitin ni programu ya kulinganisha maandishi, na asilimia inayotoa haisemi kitu peke yake. Makala yenye asilimia 22 inaweza kuwa safi, kufanana kote kukiwa kwenye marejeleo na majina ya taasisi, na yenye asilimia 8 ikawa na aya nzima iliyoibwa. Fungua ripoti, toa marejeleo, soma kila kipande kilichotiwa rangi. Kumbuka pia kwamba wizi wa kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili mara nyingi hauonekani kwenye programu. Ni wizi vilevile.

Naruhusiwa kutumia akili mnemba?

Kusahihisha lugha, majarida mengi huruhusu ukieleza umetumia nini na wapi. Kuiorodhesha kama mwandishi hairuhusiwi, kwa sababu haiwezi kuwajibika. Hatari kubwa zaidi ni marejeleo: programu hizi hutunga makala zisizokuwepo, zenye majina ya waandishi halisi. Fungua kila DOI kwa mkono wako. Na usiweke humo mahojiano ya washiriki, maana uliwaahidi usiri, na Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi.

Nikiandika kwa Kiswahili, kazi itahesabiwa?

Ikipita mapitio ya wataalamu, inapaswa kuhesabiwa sawa na nyingine, na kanuni za chuo ziseme hivyo waziwazi. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchapisha Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, na Swahili Forum ya Ujerumani hupokea makala za Kiswahili. Andika ikisiri kwa Kiswahili na Kiingereza, maneno 150 hadi 250, pamoja na maneno msingi kwa lugha zote mbili, ili mtafutaji wa Oslo na wa Bagamoyo wote waikute. Kabla ya kubuni istilahi, tafuta kama ipo iliyokwisha kutumika.

Niweke toleo lipi kwenye hazina ya chuo?

Kila makala ina matoleo matatu: uliyotuma, iliyokubaliwa baada ya mapitio, na iliyopangwa na mchapishaji. Mara nyingi la pili ndilo linaloruhusiwa, pengine baada ya miezi 12 au 24. Soma mkataba au sera ya jarida. Kama makala ina leseni ya CC BY, inayoruhusu kusambaza kazi mradi mwandishi atajwe, weka toleo la mchapishaji bila kuomba.

Hifadhi faili la toleo lililokubaliwa siku ileile unapopata barua ya kukubaliwa. Mwaka mmoja baadaye wengi hawalipati, wamebaki na PDF ya mchapishaji wasiyoruhusiwa kuiweka.

Nikusanye nini kwa ajili ya kupanda cheo?

Nakala ya kila makala, barua ya kukubaliwa, ushahidi wa mapitio, ukurasa wa jarida kwenye fahirisi ukiwa na tarehe uliyouchapa, na maelezo ya mchango wako yaliyosainiwa na waandishi wenza. Chapa ukurasa wa fahirisi mwaka makala inapotoka. Jarida likiondolewa baadaye, huo ndio ushahidi wako.

Tunarudishaje matokeo kwa waliotupa data?

Weka fungu lake kwenye bajeti tangu andiko la kwanza, kwa sababu baadaye fedha huwa zimeisha. Andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili: tuliuliza nini, tuliwahoji wangapi, tumekuta nini, nini hatukuweza kujua. Ondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Katika kijiji chenye mwalimu mkuu mmoja, maneno “mwalimu mkuu” ni sawa na jina lake. Peleka nakala kwa mtendaji, zahanati au shule husika, na halmashauri, kisha uombe dakika 20 kwenye mkutano wa kijiji wa robo mwaka, tarehe ikithibitishwa na mwenyekiti. Nenda na msaidizi wa uwandani aliyewahoji, na daftari la kuandika watakayoyapinga. Masahihisho yao yakigusa hoja kuu, yaingie kwenye makala kabla haijatumwa. Kwa hiyo mrejesho ufanyike rasimu ikiwa bado mkononi mwako.